Lami inakuja Saadani, lakini nani atalala Pangani?

Kila mazungumzo kuhusu utalii wa Tanga siku hizi huanza na barabara, na sababu inaeleweka. Barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, takriban kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, ni kazi ambayo watu wa mwambao huu wameisubiri kwa vizazi. Aliyewahi kukwama na basi kwenye tope la huko Mkwaja wakati wa masika hahitaji kuelezwa thamani ya lami. Lakini pamoja na furaha hiyo nimesikia, barazani na vikaoni, hoja mbili zikirudiwa mpaka sasa hakuna anayezihoji. Ya kwanza ni kwamba lami ikifika, watalii watamiminika wenyewe. Ya pili ni kwamba tujiandae kumpokea mtalii mwenye fedha, kwa sababu huyu kijana wa begi mgongoni, anayekula kwa mama ntilie na kupatana bei na dereva wa bajaji, hatuletei faida. Naamini hoja zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zinampima mgeni kwa namna anavyofika na kwa kiasi anacholipa langoni, zikaacha kuhesabu usiku anaolala na mikono ambayo fedha yake inapitia. Kwa mkoa wenye sura kama ya Tanga, mgeni wa begi ndiye anayetufaa kwanza, na taratibu zetu za hifadhi zinamfukuza bila hata kukusudia.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba Tanga ni Serengeti iliyopungukiwa wanyama. Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,100, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini ambayo nyika yake inakutana na Bahari ya Hindi. Ina tembo, twiga, nyati, viboko na mamba wa Mto Wami, na kwenye fukwe za Madete kasa wa kijani hupanda kutaga. Ni mahali pazuri mno, lakini nyasi zake ni ndefu, wanyama wametawanyika, na anayekuja na muda wa saa tatu tu akitaka kuwaona simba, chui na faru kabla ya chakula cha mchana ataondoka amenuna. Ukitoka hapo kwenda kaskazini kuna mji wa kale wa Pangani, kisiwa cha mchanga cha Maziwe, magofu ya Tongoni, kisha Tanga mjini na mapango ya Amboni. Ukipanda kuelekea Muheza unafika Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, penye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Milima hiyo hiyo ya Usambara ndiyo asili ya ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na leo limepandwa kwenye vyungu vya madirishani karibu dunia nzima. Mbele zaidi kuna Lushoto na msitu wa Magamba, na ng'ambo ya milima, Mkomazi, nyika kavu inayopakana na Tsavo ya Kenya, wanakotunzwa faru weusi ndani ya uzio.

Katika orodha hiyo hakuna kitu kimoja ambacho peke yake kingemtoa mtu Munich au Nairobi. Nguvu ya Tanga iko kwenye mfululizo. Mtu anaweza kuamka kwenye joto la kaskazi, shati limemganda mgongoni saa moja asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo akaomba blanketi Lushoto. Kati ya asubuhi na jioni hiyo amepita minazi, mkonge, machungwa ya Muheza na misitu yenye vyura na ndege ambao hawapatikani kwingine duniani. Utamu huo haupatikani kwa kuruka na ndege ndogo kutoka uwanja hadi uwanja. Unahitaji siku nane, kumi, kumi na mbili za kwenda polepole. Na anayekuwa na siku kumi na mbili, kwa kawaida, ni yule ambaye bajeti yake ya siku moja si kubwa. Wenye fedha nyingi mara nyingi wana likizo fupi. Wanataka Ngorongoro siku mbili, Serengeti siku tatu, Zanzibar siku nne, na ndege ya kurudi. Siwalaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba ratiba yao haina nafasi ya Tanga, na lami haitawaongezea siku.

Pwani hii, isitoshe, ina kumbukumbu ndefu ya kuishi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Bagamoyo, Saadani na Pangani zilikuwa bandari za misafara ya bara katika karne ya 19. Saadani ilikuwa na uzito kiasi kwamba Bwana Heri, mtawala wake, alipambana na Wajerumani mpaka mwaka 1890, wakati Abushiri, kiongozi mwingine wa upinzani wa pwani, alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani Desemba 1889. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliingia Bagamoyo na mizigo mabegani na mji ukawauzia chakula, malazi, nguo na burudani kwa wiki kadhaa wakisubiri safari ya kurudi. Sitaki kuipamba historia hiyo: misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliofungwa minyororo. Ninachokitoa humo ni somo la uchumi tu. Mji wa mwambao ulinufaika kwa sababu mgeni alikaa. Reli ya kwanza ya Wajerumani ilipoanzia Tanga mwaka 1893, na bandari kubwa zikahamia Tanga na Dar es Salaam, Pangani na Bagamoyo hazikubomolewa na mtu. Watu waliacha tu kusimama.

Sasa tumtazame mgeni wa begi anavyopokelewa leo. Kwa miaka ya karibuni kiingilio cha Saadani kwa mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki kimekuwa dola 30 kwa saa 24, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, jumla dola 35.4. Kupiga hema kambi ya kawaida ndani ya hifadhi nako kumekuwa na ada yake, kwa kichwa, kwa kila usiku. Kwa mtu anayekaa siku moja hesabu hiyo inabebeka. Kwa anayetaka kukaa siku tatu, atembee na askari wa hifadhi alfajiri, apande boti Wami jioni, alale, arudie, kila saa 24 ni mita mpya inayoanza kusoma. Yaani utaratibu wa malipo unamwambia mgeni: maliza haraka, utoke. Kwa Serengeti, ambako magari yanasongamana mtoni nyumbu wakivuka, utaratibu wa kuwaharakisha watu una mantiki. Saadani, ambako unaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kupishana na gari jingine, hauna.

Kisha kuna suala la mamlaka, na hapa nadhani ndipo tatizo kubwa kuliko yote lilipo, ingawa halizungumzwi. Saadani na Mkomazi ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Amani, Nilo na Magamba ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Maziwe pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa Tanga kuanza kumnasa samaki huyo wa kale nyavuni, ziko chini ya kitengo cha hifadhi za bahari. Mapango ya Amboni yamekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kila mamlaka ina sababu zake nzuri za kuwepo, na watumishi wake niliokutana nao ni watu wanaoipenda kazi yao. Lakini mgeni mmoja, ndani ya wiki moja, ndani ya mkoa mmoja, anakutana na milango minne, viwango vinne, kontroli namba nne za kulipia na maelezo manne yasiyojuana. Mwenye kampuni ya utalii hayaoni haya, kwa sababu kuna mtu ofisini Arusha anayemfanyia. Anayeyaona ni yule anayejisafirisha mwenyewe, na akichoka hamwandikii mtu barua ya malalamiko. Anapanda basi anaondoka.

Nimeliona hilo mara moja kwa macho yangu, pale kwenye kivuko cha Pangani. Vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, mabegi mgongoni yamewapita vichwa, walikuwa wamevuka hadi Bweni wakiulizia namna ya kuingia Saadani. Kiingilio walikuwa tayari kulipa, walikwisha kukihesabu. Kilichowashinda ni gari. Bodaboda si chombo cha kuzungukia hifadhini kutazama wanyama, gari la kuchangia halikuwepo, na gari la kukodi kwa siku lilizidi viingilio vyao vya siku mbili kwa pamoja. Tulizungumza kama nusu saa chini ya mwembe, wakanywa madafu, wakarudi na pantoni iliyofuata. Kesho yake, kwa walivyoniambia, wangepanda boti kwenda Zanzibar. Sina kisa kingine cha kuongeza hapo. Ila nimekuwa nikijiuliza ni wangapi hurudi hivyo kwa mwaka, na jibu halipo popote, kwa sababu takwimu zetu huhesabu waliopita langoni, na aliyerudi kabla ya lango hana mahali pa kuandikwa.

Hoja ya upande wa pili iliyo na uzito kweli ni ya uhifadhi. Wanasema: kulinda hifadhi ni gharama, doria ni mafuta na mishahara na magari, na hifadhi chache kama Serengeti na Kilimanjaro ndizo zinazobeba nyingine nyingi katika orodha ya hifadhi zaidi ya 20 tulizonazo. Ukipunguza ada kwenye hifadhi ndogo, unaongeza mzigo kwa zile kubwa. Hoja hii naiheshimu na sitaki kuipita juu juu. Lakini itazameni kwa makini. Inadhani kwamba aliyerudi pale kivukoni angelipa ada kamili kama tusingempunguzia. Hakulipa kitu. Hifadhi yenye wageni wachache na nafasi tele haipotezi mapato inapouza siku ya pili na ya tatu kwa bei nafuu. Inapata fedha ambayo haikuwepo. Kinachopaswa kulindwa ni bei ya siku ya kwanza, na hiyo mimi sitaki iguswe.

Wapo pia wanaotuonyesha mifano ya nje. Rwanda inatoza dola 1,500 kwa kibali kimoja cha kuwaona sokwe wa milimani. Bhutan inamtoza mgeni kwa kila usiku anaolala nchini. Botswana imejijengea jina kwa wageni wachache wanaolipa sana. Kwa nini sisi tujishushe? Jibu ni kwamba nchi hizo zinauza kitu ambacho wauzaji wake ni wachache mno duniani, na nafasi yake ni finyu kwa maumbile: familia ya sokwe haiwezi kutembelewa na watu mia kwa siku. Kanuni hiyo inafaa kwa Ngorongoro, na pengine kwa uzio wa faru wa Mkomazi. Saadani inashindana na kila ufuko wenye minazi kutoka Lamu hadi Msumbiji. Anayetaka kutumia bei ya sokwe kuuza ufuko wenye nyani na pofu amechanganya bidhaa mbili. Na tusisahau kwamba hata Rwanda haimtozi dola 1,500 anayeendesha baiskeli kandokando ya Ziwa Kivu.

Tunahitaji pia kuiangalia faida kwa undani wake, na hapo nitafanya hesabu ya mezani, bei nikizikadiria mwenyewe kwa ninavyoujua mkoa. Mgeni wa begi analala gesti ya shilingi 40,000, anakula kwa 20,000, anatumia 15,000 kwa bodaboda, bajaji na haisi, na anamlipa kijana wa kumtembeza 25,000. Ni laki moja kwa siku. Akikaa siku tisa ni laki tisa, na karibu yote inaangukia mikononi mwa watu wanaonunua unga, sabuni na sare za shule hapa hapa. Mgeni wa hoteli kubwa anaweza kutumia fedha hiyo kwa usiku mmoja, na zaidi. Lakini sehemu ya bei yake imelipwa kwa wakala huko kwao, sehemu imekwenda kwenye ndege, divai imetoka Afrika Kusini, na mboga mara nyingi zimeletwa na gari kutoka Dar es Salaam. Kinachobaki kijijini ni mishahara. Mishahara hiyo ni muhimu, tena ina mkataba na bima ambavyo mama ntilie hana, na hoteli hizo hulipa kodi inayoonekana. Sisemi zifungwe, wala zisijengwe nyingine. Nasema hazitoshi, na hazifiki Mkwaja kwenyewe, Mtae wala Kisiwani cha Amani, ambako mgeni pekee aliyewahi kufika ni yule aliyeshuka kwenye haisi.

Tanga ina sababu ya pekee ya kuogopa uchumi wa wachache wakubwa, kwa sababu imewahi kuishi ndani yake. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kwa miaka sabini ukaufanya mkoa huu kuwa moyo wa uchumi wa nchi. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000, nyuzi za plastiki zikiwa zimechukua soko, na miji iliyokuwa na sinema na vilabu vya mpira ikabaki na maghala matupu. Hata sehemu ya Saadani ya leo ni mabaki ya uchumi huo: ranchi ya Mkwaja ilianzishwa katika miaka ya 1950 ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, ikapigana na mbung'o na ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe kwa karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia hifadhini. Wazee wa Tanga wanajua maana ya mwajiri mmoja kufunga mlango. Gesti arobaini ndogo, zenye vitanda vitano vitano, hazifungwi zote kwa siku moja kwa sababu bei imeshuka huko ng'ambo.

Kuna hoja ya hali ya hewa na usalama, na hii nayo ina ukweli. Kutembea kwa miguu kwenye joto la pwani mwezi wa pili, jua la saa sita na unyevu wa bahari, kunaweza kumwangusha mtu mwenye afya. Tembo na nyati wa Saadani si mapambo. Wami ina mamba. Sheria inayotaka matembezi ndani ya hifadhi yafanyike na askari mwenye silaha ni sheria sahihi, na anayetaka ilegezwe hajui anachokisema. Lakini joto lina ratiba yake, na wenyeji wanaijua: unatembea kuanzia kumi na mbili hadi saa nne, unakaa kivulini mpaka saa kumi, unaamka tena. Mgeni wa gari la siku moja anafika langoni saa tano, jua linapowaka na wanyama wamelala vichakani, halafu anasema Saadani haina kitu. Mwenye uwezo wa kuifuata saa ya wanyama ni yule aliyelala pale. Kwa hiyo hoja ya joto, ukiifuatilia hadi mwisho wake, inaunga mkono mgeni wa kukaa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni ile ya maadili. Kwamba wageni wa mabegi wanatembea nusu uchi, wanaleta bangi, wanaharibu vijana. Mwambao huu ni wa Waislamu kwa wingi, una heshima zake, na kero ya mgeni kupita mbele ya msikiti na nguo ya kuogelea ni kero halisi. Sitamdharau mtu anayeilalamikia. Ila tujiulize tabia hiyo inatokea wapi. Inatokea pale ambapo mgeni hana mwenyeji, kwenye ufuko uliotengwa kwa ajili ya wageni, ambako mtu wa kijiji akionekana ni mfanyakazi au papasi. Mgeni anayelala kwenye nyumba ya mama Pangani, akapewa chai na mkate wa kumimina asubuhi, hupewa na kanga pia, na anaambiwa ajifunge. Anajifunga. Na kama kweli tunahofia dawa za kulevya, Tanga imeteseka nazo kwa njia ambazo hazikuhitaji mtalii yeyote, na kumsingizia mgeni ni kukwepa kuwatazama wanaoziingiza. Tena hoja hii inasahau kwamba mgeni wa begi siku hizi si mzungu peke yake. Ni mwanafunzi wa chuo kutoka Dar es Salaam, ni kikundi cha marafiki wanaochangishana kupanda Magoroto mwishoni mwa wiki, ni kijana wa Arusha ambaye hajawahi kuiona bahari. Kwa Mtanzania kiingilio ni shilingi elfu chache. Kinachomzuia ni kile kile, gari.

Turudi kwenye lami. Nchi yetu ina mfano mmoja mkubwa wa barabara kuu inayopita katikati ya hifadhi, nao ni Mikumi. Barabara ya kwenda Zambia inaikata hifadhi hiyo kwa kama kilomita 50. Kila siku maelfu ya abiria wanawaona pundamilia, swala na wakati mwingine tembo kupitia dirisha la basi, bure, wakiwa njiani kwenda Iringa au Mbeya. Barabara hiyo imeifanya Mikumi ijulikane na iwe rahisi kufikika kutoka Dar es Salaam, faida ambayo si ndogo. Pia imeua wanyama kiasi kwamba kuna matuta, vibao, na faini kwa dereva atakayegonga. Lakini kwa mtu wa Pangani somo la Mikumi ni jingine: wingi wa wanaopita hauna uhusiano wa lazima na wingi wa wanaosimama. Basi halisimami kwa sababu ya uzuri. Linasimama penye chakula, choo na mapatano kati ya dereva na mwenye hoteli. Ndiyo maana Segera, ambayo haina bahari wala tembo, imelisha wasafiri wengi kuliko Pangani.

Wakati huohuo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta namna ya kufanya vizuri. Lushoto imekuwa ikifanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990, utalii wa kiutamaduni ulipoanzishwa nchini kwa msaada wa shirika la Uholanzi, SNV. Mgeni anashuka Mombo, anapanda haisi ya Lushoto, anakuta ofisi ya waongozaji wenyeji, anachagua njia: Irente kwa nusu siku, au siku kadhaa kwa miguu hadi Mtae akilala kwa watu njiani. Sehemu ya ada inakwenda kwenye kazi za kijiji. Mfumo huo una kasoro zake. Kuna vijana wanaojiita waongozaji bila kibali, kuna ugomvi wa wateja stendi, na si kila mgao wa kijiji unaonekana. Lakini umedumu karibu miaka thelathini bila hoteli kubwa hata moja na bila uwanja wa ndege, na umefanya hivyo kwa mgeni yule yule tunayeambiwa hana faida.

Kinachohitajika, basi, si kikubwa. Tiketi moja ya mkoa, ya siku saba au kumi, ambayo mgeni anailipa mara moja na mamlaka zote nne zinagawana nyuma ya pazia. Kama tumeweza kuunganisha malipo ya serikali yote kwenye kontroli namba, tunaweza kugawana tiketi. Gari la kuchangia la hifadhi, linaloondoka kwenye lango kila alfajiri na kila saa kumi jioni, mgeni analipia kiti. Kambi za mahema zinazomilikiwa na vijiji, nje ya mpaka wa hifadhi, ili usiku wa mgeni uingie kwenye mfuko wa kijiji. Hili la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu vijiji hivi vina madai. Wafugaji waliondolewa Mkomazi mwaka 1988. Watu wa Uvinje, pembeni mwa Saadani, wamevutana na hifadhi kuhusu mpaka kwa miaka mingi. Mtu aliyepoteza malisho au ufuko wake kwa ajili ya tembo akiambiwa kwamba faida itamfikia kupitia bajeti ya taifa, ana haki ya kutosadiki. Akipokea shilingi 10,000 kwa kila hema lililopigwa kwenye ardhi ya kijiji chake, hatahitaji semina ya uhifadhi.

Mwaka 2024 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje, kutoka kama milioni 1.8 mwaka uliotangulia. Idadi inapanda, na njia ya kaskazini inaelemewa. Wengine watatafuta pa kwenda. Swali kwa Tanga ni nani atawahi kuwakaribisha, na muda wa kulijibu ni mfupi kuliko inavyodhaniwa.

Nasema ni mfupi kwa sababu ya kivuko. Leo, kila anayekwenda kusini kwa njia ya pwani hulazimika kusimama Pangani akisubiri pantoni. Anasubiri robo saa, wakati mwingine zaidi. Kwenye kusubiri huko ndimo alimo muuza pweza, mama wa vitumbua, kijana wa madafu, bodaboda anayesema kaka, Ushongo elfu kumi tu, nikupeleke, na mzee anayekuonyesha nyumba za kale za ng'ambo na kukusimulia ya Abushiri hata kama hukumuuliza. Baadhi ya wanaosubiri hubadilisha mawazo wakalala. Daraja likifunguliwa, hakuna atakayesubiri. Gari litapita juu ya mto kwa dakika moja, na hakuna mahali palipotengwa mpaka sasa, kwa ninavyoona, ambapo muuza pweza na bodaboda watahamia ili mgeni awakute. Halmashauri ikitenga eneo hilo kabla ya daraja kuzinduliwa, kwa stendi ndogo, vibanda, ofisi ya waongozaji, kibao cha tiketi na uwanja wa mahema unaoitazama bahari, gharama yake itakuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya mita 525 za zege. Ikisubiri baada ya uzinduzi, viwanja vya kando ya barabara vitakuwa vimekwisha kununuliwa, na wenye kuvinunua hawatakuwa wale wanaouza pweza.